Watoto Thelathini na Watatu wa Kanisani

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kukana. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa tayari nimemkasirikia mkunga. Kwa hiyo simu ilipoingia kwamba afisa wa ubora na viwango anatoka Voi kuja kukagua nasari yangu, nilianza kwa kukasirika. Hofu ilifuata baadaye, nilipokaa chini nikahesabu watoto.

Nasari yenyewe iko Kishushe, chumba kimoja cha matofali na mabati, kanisa likiwa hatua chache ng'ambo ya uwanja. Mimi ni mtu wa Mghange, kule juu kwenye baridi na migomba, nikateremshwa huku kwenye jua na vumbi jekundu. Nilipofika nilipewa watoto kumi na tisa na chaki boksi moja. Kufikia mwaka ninaousimulia, watoto walikuwa hamsini na wanane na mwalimu alikuwa yule yule, mimi. Mwongozo tuliopewa ulisema mwalimu mmoja, watoto ishirini na watano, basi.

Sasa ningefanyaje? Nasari nyingine iko ng'ambo ya njia ya ndovu. Hao ndovu si wa hadithi, mwaka uliotangulia walikuja kunywa kwenye tangi letu, wakalikunjakunja na kuliacha limelala kifudifudi. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka minne, anayeogopa jogoo, apite hapo kila asubuhi kwenda kusoma a, e, i, o, u. Kwa hiyo kila mzazi aliyenijia na mtoto mkononi nilimgombeza vizuri, nikamwambia nafasi hakuna na asinizoee, kisha nikampokea mtoto.

Shida ni kwamba mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mzee mmoja mwenye habari nyingi kuliko redio, alikuwa amesikia kwenye matanga kule Wusi kwamba nasari ikikutwa imejaza watoto inafungwa siku hiyo hiyo. Nasari gani ilifungwa, na nani aliifunga, hakuuliza. Mimi pia sikuuliza. Tuliogopa tu, na hofu yetu tukaitafutia dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa hii. Kila mara mgeni wa ofisi alipokuja, watoto ishirini na watano walibaki darasani, na waliozidi, ambao mwaka huo walikuwa thelathini na watatu, walipelekwa kanisani wakakae na mama wa uji, mpishi wetu, mpaka mgeni aondoke. Na fomu ya kila mwaka nilijaza ishirini na watano, kwa mwandiko mzuri kabisa. Miaka minane tulienda hivyo. Wageni wenyewe walikuwa wa kuchungulia mlangoni, kusaini kitabu na kuuliza kama kuna njia fupi ya kurudi Voi.

Lakini huyu wa sasa, tuliambiwa, anakaa asubuhi nzima na anapima kwa futi. Ikabidi nichague watoto kwa makini. Niliwatoa wenye makamasi ya kudumu, nikawatoa wanaouma wenzao, nikamtoa mmoja aliyekuwa na tabia ya kuvua suruali kila akifurahi. Habari za mchujo zikawafikia wazazi, na wazazi wakauchukulia kama mtihani wa kitaifa. Mama mmoja aliniletea kuku, mwanawe awe wa darasani. Nilimwambia hata kuku mwenyewe angeweza kuingia, maana yeye hasemi, lakini mtoto wake ni wa kanisani.

Palikuwa na mapacha, visichana viwili vya miaka minne, vinafanana mpaka mama yao amevifunga uzi wa rangi mkononi. Mwenye uzi mwekundu nilimweka darasani kwa sababu anajua kuhesabu mpaka ishirini bila kuruka kumi na saba. Mwenye uzi wa bluu akaenda kanisani. Nilijiona nimepanga kazi, kumbe hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Siku ilipofika, afisa aliteremka kwenye pikipiki, nyusi zote zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Alikuwa mama wa rika langu, mpole, wa sauti ndogo, na mimi watu wa sauti ndogo wananitisha. Akafungua faili, akatoa futi ya mafundi, akaanza kupima. Alipima madirisha. Alipima viti. Aliingia chooni akapima tundu la shimo, akatoka akaniambia ni kubwa mno kwa mtoto mdogo.

"Hajawahi kutumbukia mtu, madam," nikamwambia.

"Tusimngoje wa kwanza, mwalimu," akasema, akaandika.

Baada ya hapo akataka kuona kona za kujifunzia. Kona ya vitabu, kona ya duka, kona ya maji, kona ya kuchora, kona ya kujengea, kona ya nyumbani. Hesabu ikanishinda, kwa sababu chumba changu kina kona nne, na moja imekaliwa na gunia la unga wa uji. Nikamwambia hivyo hivyo, na sauti yangu ikapanda kidogo. Akanitazama, akaniambia kona si lazima iwe kwenye pembe, hata katikati ya chumba inaruhusiwa. Mpaka leo jambo hilo linanikera.

Tukapita jikoni. Mama wa uji alikuwa amerudi kukoroga, maana uji ukiachwa unashika chini, na kule kanisani alimwacha mwenyekiti awalinde watoto. Vikombe vilikuwa vimepangwa kwenye kichanja, safi, vinang'aa, vyote hamsini na vinane. Hakuna aliyekumbuka kuvificha.

"Vikombe ni vingi," afisa akasema.

"Wengine huongezewa, madam," mama wa uji akajibu.

"Kila anayeongezewa anapewa kikombe kipya?"

"Ni usafi," mama wa uji akasema, uso mkavu kama wa shahidi mahakamani. Nilitaka kumkumbatia.

Tukarudi darasani. Watoto walikuwa wamekaa vizuri mno, mikono mapajani, utadhani wanapigwa picha ya pasipoti. Afisa akachuchumaa mbele ya yule pacha wa uzi mwekundu, akamuuliza nyumbani kwao wako wangapi.

"Mama, baba, nyanya, mimi na pacha wangu."

"Na pacha wako yuko wapi leo?"

"Kanisani."

"Leo Jumatano kuna ibada?"

"Hapana," mtoto akasema, kwa ule upole wa mtu anayemsaidia mgeni. "Wamefichwa."

Nikakohoa. Nilikohoa kikohozi kirefu, nikakivuta, nikatoka nacho mpaka mlangoni na kurudi. Nikamweleza afisa kwamba huyu mtoto ana mawazo mengi, kwamba juzi aliniambia baba yake ni twiga. Afisa akaandika kitu kwenye faili. Moyoni nilikuwa nawaona ndovu wamesimama njiani, na watoto wangu hamsini na wanane wanawakaribia na vibegi vyao mgongoni.

Bado ningeweza kujiokoa, naamini. Lakini ikafika saa nne. Pale kwetu hatuna kengele, tuna rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na ikigongwa saa nne kila mtoto wa eneo lile anajua uji umeiva. Mama wa uji tulimwagiza kila kitu. Tulimwagiza asitaje idadi, asiite watoto kwa majina, avae leso safi. Hakuna aliyemwambia asigonge rimu. Yeye akatazama kivuli cha mti kama anavyokitazama siku zote, akachukua kipande chake cha chuma, akagonga.

Mlango wa kanisa ukafunguka na watoto thelathini na watatu wakatoka mbio. Wa makamasi walikuwa mbele. Wanaouma walikuwa katikati, wakipunguza wapinzani. Yule wa suruali alikuwa amefurahi, kwa hiyo suruali hakuwa nayo. Wakavuka uwanja, wakajipanga mstari mbele ya sufuria, na mstari ule ukampita afisa kwa kila mtoto kumwamkia, "Shikamoo madam, shikamoo madam," kama nilivyowafundisha mwenyewe. Mwisho kabisa akatokea mwenyekiti, kiatu kimoja mkononi, na alama ya benchi imejichora shavuni. Alikuwa amelala.

"Hawa ni wa Sunday school," akasema, akihema.

Mimi nikamwambia, mzee, nyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa imeishia pale kwenye sufuria.

Afisa alingoja mpaka watoto wote wakapata uji. Hata yeye alipewa, kikombe cha hamsini na tisa kikatafutwa nyumbani kwa mama wa uji. Tukakaa kwenye vile viti vya sentimita chache, magoti yanagusa kidevu. Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu njia ya ndovu na tangi, na kuhusu kila mzazi niliyemgombeza. Nikamwambia kama ni kufunga afunge, lakini kwanza apite njia ile kwa miguu, na asubuhi. Sauti yangu ilikuwa juu sana, na katikati ya kufoka nikagundua nalia.

Nilipomaliza akageuza faili upande wangu, akaniwekea kidole kwenye safu moja. Ilikuwa fomu zangu, mwaka hadi mwaka. Watoto ishirini na watano, mwalimu mmoja. Ishirini na watano, mmoja. Mwandiko wangu mzuri.

"Kila mwaka walimu wapya wanapogawanywa, mimi ndiye ninayepitia hizi karatasi," akasema. "Nikifika kwako nasema, huyu yuko sawa, hana shida. Naruka, naenda kwa mwingine. Mwalimu, mtu wa kukusaidia ningekupaje?"

Kuna methali, mficha uchi hazai, nimeikariri tangu darasa la nne na hata kwenye mtihani niliijibu. Sikuwahi kudhani inanihusu. Miaka minane nilikuwa nalala na koo linawaka, nalaani ofisi, nalaani serikali, nalaani jua, na aliyeninyima mwalimu mwenzangu ni kalamu yangu mwenyewe. Nilijisikia mjinga, na nilistahili.

"Sasa unafunga?" nikamuuliza.

"Nitaandika nilichokiona," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi." Akapanda pikipiki yake akaenda, na sauti yake ndogo ikabaki masikioni mwangu wiki tano nzima.

Hizo wiki tano sizitamani tena. Mwenyekiti alikuja kila siku kuniambia habari mpya aliyoisikia, mpaka nikamkataza kusogelea lango. Kila pikipiki iliyopita nilidhani imebeba barua ya kufunga. Nilipunguza tundu la choo kwa mbao na saruji, nikaweka kona ya duka katikati ya chumba kama mtu aliyekubali kushindwa, na watoto wakaanza kuuziana mawe kwa bei za juu sana.

Barua ilipokuja niliisomea chooni, maana ndipo mahali pekee pasipo na watoto. Sikuelewa mara ya kwanza. Ilinikaripia kwa fomu za uongo, kwa maneno makali niliyostahili, na chini kabisa ilisema nasari iendelee, na kwamba mwalimu wa pili ataripoti muhula ujao, kanisa likikubali kutumika kama darasa. Nilitoka nikamkumbatia mama wa uji, akaniuliza nani amekufa.

Mwalimu wa pili alifika Jumatatu, msichana wa Voi mjini, viatu vyeupe, faili jipya kifuani. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimepika hata kimanga tangu alfajiri, na mimi si mtu wa kuponda ndizi na maharagwe kwa ajili ya watu. Akasimama mlangoni, akabisha hodi.

Watoto wakamwona, wakaona faili. Bila mtu kusema neno, thelathini na watatu wakasimama, wakatoka kwa mlango wa nyuma, kimya, wameinama, wengine wameshikana mikono, wakavuka uwanja wakaingia kanisani. Hata vibegi walibeba. Yule msichana akaniuliza nimewatuma wapi. Nikamwachia kimanga na wale ishirini na watano, nikawafuata.

Nilicheka njiani, nakiri. Lakini nilipoingia mle ndani kicheko kikaniisha. Walikuwa wamekaa sakafuni baina ya mabenchi, vidole midomoni, wananyamazishana. Kujificha niliwafundisha vizuri kuliko nilivyowafundisha herufi. Nikawaambia imekwisha, hakuna kujificha tena, turudi darasani. Wakatoka mmoja mmoja, mpaka nikahesabu thelathini na wawili.

Pacha wa uzi wa bluu alikuwa bado chini ya benchi la mwisho, amejikunja. Nikapiga magoti nikampa mkono. Hakuushika kwanza. Alinitazama kama anayetaka kuhakikisha hajakosea.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "leo na mimi nahesabiwa?"

Nikamwambia ndiyo, leo na kila siku. Nikamfuta makamasi kwa leso yangu, nikambeba mgongoni, tukavuka uwanja kwenda kuandika jina lake.