Mweleka wa Haki

Fundi wa makochi alikuwa na sifa moja tu katika ukumbi wa mieleka, nayo ni kutoanguka. Kumwangusha mtu hakuwahi. Vijana wakimvamia miguuni, aliirusha miguu nyuma na kuwalalia mgongoni kwa kitambi chote mpaka waombe hewa. Wakimkumbatia kiuno wamtupe, alishusha makalio, akawa mzito kama kochi la watu watatu. Wenzake walimwita Kisiki. Jina hilo lilimvimbisha kichwa, ingawa mkewe alimkumbusha kwamba kisiki hakijawahi kushinda chochote, kimekaa tu.

"Na nyumbani ni hivyo hivyo," mkewe aliongeza. "Mtume dukani uone. Anashusha makalio."

Fundi alicheka kuliko wote, maana ilikuwa kweli.

Ukaidi huo ulimwisha mbele ya mtu mmoja, binti yake. Binti alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, na Jumamosi alikuwa na pambano lake la kwanza. Mpinzani wake alisifika kwa kugoma kuanguka. Kwa hiyo binti alifanya mazoezi na baba, na baba akala mweleka kila jioni. Alijiangusha kwa ufundi ambao kwenye maigizo wangemlipa: anaguna, anapepesuka, puu! Kisha anajiona baba mwema asiye na mfano.

Alhamisi mwalimu wao, mama mmoja asiyejua kupamba maneno, alimvuta pembeni.

"Mzee, unamdanganya mwanao. Yule wa Jumamosi hatajiangusha."

Fundi alipogeuka, binti alikuwa nyuma yake. Amesikia yote.

"Baba, siku zote hizo ulikuwa unajiangusha?"

Bingwa wa kukwepa mitego alitafuta pa kukwepea, akatoka kapa.

"Siku zote, mwanangu."

Binti hakulia. Alijifuta uso kwa kiganja, akarudi katikati ya mkeka.

"Haya, njoo. Na usinionee huruma."

Binti akamvamia miguuni. Baba akarusha miguu nyuma, akamlalia. Binti akajaribu kumtupa kwa kiuno. Baba akashusha makalio. Tena, na tena. Binti alitweta, machozi yakamlengalenga, na moyo wa baba ukawa unachanika. Angelegeza goti moja tu, mateso yangekwisha kwa wote wawili. Alijichukia, akakaza.

Ndipo binti akamsukuma kifuani. Sasa, fundi hajawahi kusukumwa akanyamaza, hata kwenye foleni ya maji. Akasukuma naye, kwa nguvu zake zote. Hicho ndicho binti alichokuwa akikisubiri. Aligeuka, akaingiza kiuno chini ya kitambi kile, akauvuta mkono wa baba begani. Miguu ya fundi ikaaga mkeka. Dari likapita mbele ya macho yake, kisha mgongo ukatua kwa kishindo.

Binti alimwinamia, uso umejaa mashaka.

"Umejiangusha?"

Pumzi ya kujibia haikuwepo. Alitikisa kichwa kukataa, akakitikisa tena, machozi yakimtiririkia masikioni, asijue ni ya mgongo au ya furaha.

"Basi inuka," binti alisema. "Tena."

Akajizoazoa, akasimama. Alipomwona mwanawe anamjia, mikono mbele, aliogopa kwelikweli, na akamshukuru Mungu kwa hofu ile.