Bastola Ndogo ya Njia ya Gairo

Asubuhi ile niliondoka mtaa wa Mwembesongo bila kujua naelekea wapi. Nilikuwa nimeshuka kutoka Matombo juzi yake, nimechoka kubeba ndizi za watu mlimani, na mjini nako nikachoka kukaa. Shule niliiacha darasa la tano, ila kila nilipoona kitu kinachofanya kazi nilitaka kujua kinafanyaje.

Kwenye barabara ya Dodoma lori dogo lilikuwa limesimama, dereva akijaza maji kwenye rejeta. Mbele alikaa mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Popote mnapokwenda."

Alinitazama juu mpaka chini. "Ulipitia mgambo?"

"Nilipitia."

"Panda."

Njiani akanieleza. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua mazao, mumewe alikuwa akifuata karanga Gairo. Mume alipofariki, yeye akashika biashara. Wenzake wawili walivamiwa njiani, akaomba kibali cha bastola, akapewa. Dukani alichagua ndogo kuliko zote, akidhani ndogo ndiyo laini. Siku ya kuijaribu alipiga risasi moja tu, ikamruka mkononi ikaanguka mchangani, shemeji yake akiona.

"Sasa anatangaza kwa ndugu wote," alisema. "Eti kama nashindwa kushika kidude kile, safari za Gairo nimwachie yeye. Na nikimwachia safari, nimemwachia biashara."

"Mwachie na hili lori," dereva akadakia. "Alisukume mwenyewe."

Mama hakucheka.

Tulipoipita Dumila tulichepuka kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nimfundishe kuishika. Dereva akasimamisha kopo la maziwa chini ya ukuta wa udongo, akarudi nyuma yetu. Kibali kilikuwa cha mama, mimi sikustahili hata kuigusa ile bastola. Aliponipa niipige kwanza, nikashindwa kukataa.

Ilikaa kiganjani kama kipande cha sabuni. Nikakumbuka bunduki ya mgambo, jinsi kitako chake kilivyonichubua bega, nikaona huu ni mchezo. Nikafyatua.

Teke lake lilinishangaza. Bunduki ile ilikuwa nzito, ikimeza nguvu nyingi yenyewe, na iliyobaki ikitawanyika bega zima. Hii haikuwa na uzito wa kumeza chochote. Nguvu yote ilitua kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Mpini wake ulikuwa mfupi, kidole cha mwisho kikabaki hewani hakina pa kushika, na mtutu ukanyanyuka kuelekea juu. Risasi ya tatu, chuma cha juu kiliporudi nyuma, kikanichana ngozi.

"Mgambo, ongeza!" dereva akaita.

"Njoo upige wewe."

"Mimi mikono hii naendeshea gari, ndugu yangu."

Mama aliitazama damu yangu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Kumbe si kwa sababu mimi mwanamke," alisema taratibu.

Niliomba kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, nikakata utepe kwa kisu changu, nikauviringisha kwenye mpini mpaka ukanenepa. Mama akaishika kwa mikono miwili, akapiga. Haikumtoka. Akapiga tena, kopo likaruka. Nilijiona fundi.

Tukatoa risasi zote, nikamwomba aitie mkobani, inakokaa safarini, kisha aichomoe haraka. Mpira uling'ang'ania kitambaa cha ndani. Bastola ikatoka imevaa kitambaa chote, na leso, na kitana. Akajaribu tena, vilevile. Akaendelea mpaka jasho likamtoka.

"Mama, mwambie jambazi asubiri kidogo," dereva akasema.

Tukaendelea na safari. Mkono ulivimba, kila shimo la barabara nikalisikia kwenye kidole gumba. Nilichoka na joto, nilichoka na vumbi, nilichoka pia na ufundi wangu wa kuziba hapa na kutoboa pale.

Gairo tuliingia jua likiwa bado halijazama. Nyuma ya soko tukapata gesti. Mama alipewa chumba chenye komeo. Vyumba vingine vilijaa wanunuzi waliokuja mnadani, hivyo mwenye gesti akanionyesha stoo yake, nilale juu ya magunia matupu. Nilikuwa sijaweka mfuko chini mama aliponiita mlangoni kwake.

"Lete kisu chako."

Akaanza kuukata ule mpira.

"Itakuumiza tena, mama."

"Itaniumiza nikijifunza. Nitajifunza risasi mbili, nipumzike, nirudi siku nyingine, mpaka mkono uzoee. Siku ya hatari sitakumbuka maumivu, ila lazima itoke mkobani." Akaviringisha utepe ule, akanirudishia. "Na shemeji nitamwita machimboni. Apige yeye kwanza, risasi tatu kama wewe, ndugu wakiwepo."

Dereva, aliyekuwa amekaa kizingitini akivua viatu, alicheka mpaka akakohoa.

Niliomba beseni la maji, nikarudi stoo. Nilijinyoosha juu ya magunia yaliyonuka karanga mbichi, mkono ukiwa majini. Nje nilimsikia mama akimwambia mwenye gesti kwamba mnada ujao amwekee chumba kile kile, atakuja mwenyewe.