Wote Wanamwita Yaya

Kwa siku tatu baada ya kurudi kutoka Kampala sikupata usingizi. Mama alikuwa na malaria, analala tu na kunywa uji, kwa hiyo hakuwa ameniuliza kitu. Lakini nilijua akipata nguvu ataniuliza. Swali lake lilikuwa moja, na alinipa siku ya kuondoka, hapa nyumbani Saio: "Mutoto yangu, angalia na macho yako. Kule dada yako iko anaheshimiwa?" Nimwambie kweli, au nimwachie amani yake?

Wakati wa vita tulikimbilia Kasenyi, tukavuka ziwa hadi Uganda, mimi nikiwa mgongoni mwa dada. Tuliporudi, yeye alibaki kutafuta kazi. Kwa simu alituambia anauza vitambaa dukani, na amepanga nyumba pamoja na rafiki yake. Ndiye aliyenisomesha. Nilipomaliza chuo, na barabara ya Mahagi ikiwa imetulia kidogo, mama alisema niende siku chache nimsalimie, nimpelekee na samaki wa chumvi.

Nyumba ilikuwa kubwa, ya geti jeusi. Kabla sijatua mzigo, watoto wawili walitoka mbio: "Yaya! Yaya!" Nilifurahi karibu nilie. Kwetu ndugu yako mkubwa humwiti kwa jina. Unamwita yaya, na ukisahau unakumbushwa kwa kofi. Nikafikiri: amewafundisha watoto wa rafiki yake heshima yetu. Mimi ninayepima kila neno mara kumi, neno hilo sikulipima hata mara moja.

Kesho yake nikamwita kutoka uani, kwa sauti: "Yaya, sabuni iko wapi?"

Jirani mmoja, mama Mkenya aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya seng'enge, akacheka. "Kumbe na wewe alikulea?"

"Ndiyo," nikajibu kwa majivuno. "Alinibeba mgongoni."

"Basi kwenu mlikuwa matajiri! Na mlipata mzuri. Wengine hawamalizi mwezi. Huyu hata Jumapili hapumziki."

Niligeuka. Dada alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya nepi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kule yaya ni mfanyakazi anayelea watoto wa watu.

"Weye unaangalia nini?" akasema. "Sabuni iko kwa dirisha."

"Yaya, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya madame. Walisafiri, wanarudi leo." Akatua ndoo. "Duka ilikuwa kweli. Mwaka moja tu, ikafungwa. Usiambie mama."

"Akiniuliza nitasema nini?"

"Weye ndio uko na diplome. Tafuta." Alijaribu kucheka, akashindwa, akaingia ndani.

Jioni mwenye nyumba alirudi. Alikuwa msichana tu, pengine wa umri wangu. Lugha yake sikuielewa, ila neno lile moja nililisikia, na nilimwona dada akimjibu macho chini, mikono nyuma, kama mtoto wa shule mbele ya mkuu. Samaki wa mama walitolewa jikoni kwa sababu ya harufu. Nikaondoka asubuhi iliyofuata, na dada alinisindikiza mpaka getini tu, kwa maana watoto walikuwa wanamwita.

Siku ya nne mama aliamka, akaoga, akaketi barazani. Akaniita.

"Sasa niambie. Wanamuheshimu?"

Nilikuwa nimetayarisha majibu mengi sana, ya kweli na ya uongo. Nikachagua lile ambalo lilikuwa yote mawili.

"Mama, kule wote wanamwita yaya."

"Wote?"

"Watoto, majirani. Hata mwenye nyumba."

Mama alifunga macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu homa imshike. Kisha akanituma nimletee kikwembe, kile kitenge chake cha kanisani. Alitaka kufika kwa jirani, akamwelezee habari za binti yake.

Nikakileta, nikamsaidia kukifunga.