Paka wa Othmar Alipita Nyumba Tatu

Jirani yangu Othmar alikuwa mvuvi tangu akiwa mtoto. Alikufa akipiga kelele kwa sababu ya kikombe cha maji.

Sisemi maji ya ziwani. Nasema kikombe. Cha plastiki, chekundu. Mkewe Ida alimletea amezee dawa ya kichwa.

Alipokiona, koo lilimkaza, macho yakamtoka, akakipiga teke kikagonga ukuta. Kisha akaanza kulia, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anaomba kikombe kitolewe.

Mimi nilikuwepo. Nilimshika mikono.

Jina langu Aidan. Naishi kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Lituhi. Mimi na Othmar tulikuwa tunavua kwa mtumbwi mmoja, usipa wetu, vile vidagaa vya ziwani, tunaanika kichanja kimoja. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Watu walianza kusema maneno yao.

"Kalogwa huyo. Kuna mtu hataki avue."

"Ziwa linamdai."

Upuuzi mtupu. Tulimfunga shuka, tukampakia kwenye gari la kukodi mpaka hospitali.

Daktari alimpepea usoni kwa faili tu. Othmar akashtuka mwili mzima kama kapigwa shoti.

Daktari akatuita nje, mimi na Ida.

"Huyu ana kichaa cha mbwa. Aling'atwa na mbwa lini?"

Ida akasema, "Daktari, sisi hatuna mbwa."

"Mbwa wa mtu mwingine?"

"Hajang'atwa na mbwa."

"Paka je?"

Ida aligeuka. Akaniangalia mimi, kama vile mimi ndiye mwenye jibu.

"Paka ndiyo," akasema. "Lakini yule ni paka tu. Alimng'ata kidole mwezi uliopita, akimtoa kwenye usipa."

Daktari akavua miwani. "Mama, paka naye anapata kichaa. Anakipata kwa mbwa, kwa mnyama wa porini, kwa paka mwenzake. Na akikung'ata anakupa. Mngemleta siku ile ile tungemchoma sindano, angepona. Sasa hakuna dawa. Tutampunguzia mateso tu."

Othmar hakuvuka kesho yake.

Habari ilipofika kijijini, vijana walichukua marungu wakaua mbwa. Wote waliowaona. Waliochanjwa na wasiochanjwa. Mbwa wangu, niliyempeleka mwenyewe kwa bwana mifugo nikamfunga na mnyororo mpaka akadungwa, walimkuta amelala mlangoni.

Paka hawakuguswa hata mmoja.

Naomba unielewe hapa, maana ndiko mambo yalikoharibikia.

Kwetu mbwa akikosea anauawa, yameisha. Paka hauawi. Ukimuua paka, wanasema unaingiza mkosi nyumbani, nyavu zinatoka ziwani tupu. Sasa paka akiwa mkorofi watu wanafanyaje? Wanamtia kwenye kiroba, wanafunga mdomo wa kiroba, wanakizungusha zungusha ili apoteze njia ya kurudi. Kisha anapewa mtu anayesafiri akamwache mbali.

Siku tuliyomaliza matanga, lile swali la daktari lilinirudia. Nikamfuata Ida.

"Shemeji, yule paka yuko wapi?"

"Tulimtia kwenye kiroba. Siku ya pili baada ya kumng'ata Othmar."

"Mkampa nani?"

"Mdogo wako. Rodrick."

Rodrick ni mdogo wangu wa tumbo moja. Bodaboda, mtu wa utani, watoto wanne. Anapandisha abiria na usipa kutoka ziwani mpaka Mbinga. Nilimkuta kijiweni anafuta pikipiki yake.

"Rodrick, yule paka wa Othmar ulimtupa wapi?"

Akacheka. "Kaka, we nawe. Matanga yameisha leo, unatafuta paka?"

"Jibu."

"Sikumtupa. Paka mzuri vile, mnene, kakulia usipa? Nilimpa Dada Zamda, yule mama ntilie wa pale Ngaka. Panya walikuwa wanamlia unga. Akanilipa wali maharage."

Nikamwambia alichosema daktari. Kicheko kikakata.

"Acha masihara, kaka."

"Sina masihara. Washa pikipiki."

Kama yule paka aling'ata mtu mwingine huko alikokwenda, mtu yule anatembea na kifo na hajui. Anakula, anacheka, anapanga kulima. Siku kichwa kikianza kumuuma, basi tena. Ilikuwa lazima tumpate kabla ya hapo.

Ngaka tulifika vumbi jeusi la makaa ya mawe ya mgodini limetujaa puani. Malori yamepanga foleni, madereva wanakula. Zamda alikuwa anasonga ugali.

"Rodrick! Leo umeniletea paka mwingine?"

"Dada Zamda, yule wa kwanza yuko wapi?"

"Usinikumbushe. Paka gani yule? Alikuwa anatoa udenda, anajificha chini ya meza, anarukia miguu ya wateja. Dereva mmoja alimwaga mchuzi wote."

"Alimng'ata dereva?" nikauliza.

"Alimkosa. Alimng'ata mwanangu Rukaiya, kisiginoni. Nikampaka mafuta ya taa, akapona."

Rukaiya alikuwa palepale anaosha sahani. Mtoto wa miaka tisa. Akainua mguu atuonyeshe, anatabasamu. Vidoti viwili tu, vimekauka.

Rodrick aliangalia ule mguu kwa muda mrefu.

"Na paka ulimpeleka wapi?" nikauliza.

Zamda akashangaa. "Ningempeleka wapi? Nilimtia kwenye kiroba. Kuna mkulima wa kahawa wa Maguu, Ladislaus, alikuja kusubiri lori. Akasema ghala lake limejaa panya. Nikamwambia chukua."

"Hukumwambia kama anang'ata?"

"Ningemwambia angemchukua?"

Ndivyo tulivyo. Tatizo langu nakufungia kwenye kiroba, nakupa kama zawadi.

Zamda alipoelewa kilichomuua Othmar, mwiko ulimdondoka. Alimbeba yule mtoto akiwa na povu la sabuni mikononi. Rodrick akawapakia mpaka hospitali ya mjini Mbinga, mimi nikafuata na bodaboda nyingine.

Nesi akamwosha Rukaiya kisigino kwa sabuni chini ya bomba, japo kidonda kilishafunga. Akamchoma sindano ya kwanza, akampangia tarehe za kurudi. Kisha akasimama mbele ya benchi letu.

"Kuna mwingine aling'atwa na huyu paka?"

Zamda akasema hapana. Mimi nikasema hapana.

Rodrick akasema, "Mimi dereva tu, nesi. Labda unichome ya njaa."

Tukacheka. Hata nesi alicheka.

Tulipanda Maguu kesho yake. Baridi, ukungu, vilima vimevaa kahawa mpaka juu. Ladislaus tulimkuta anapalilia mibuni.

"Mmetoka ziwani mpaka huku kuniuliza habari za paka?" akasema. "Na usipa hamkuleta?"

"Mzee, yuko wapi?"

"Alikufa. Hakumaliza hata wiki. Tulimkuta amekauka nyuma ya magunia. Mnataka niwalipe?"

"Aling'ata mtu hapa kwako?"

"Paka kung'ata mtu ni habari? Mimi nimekwaruzwa na paka tangu nazaliwa."

Sauti ikatoka jikoni, kwenye moshi. "Aliniuma mimi."

Alikuwa mama yake, Bibi Emerensiana. Tukaingia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu. Aliniuma hapa, mkononi. Nilikuwa namwekea maziwa, nikamwonea huruma maana alikuwa anahangaika, maziwa hayapiti. Ladislaus akasema nimezoea kudekeza wanyama."

Ladislaus akaja juu. "Kidonda kimeshapona! Mnataka kumtembeza mama yangu barabarani kwa kidonda kilichopona?"

Nikamwambia, "Cha Othmar nacho kilipona. Tumemzika juzi."

Alisimama na jembe lake. Akaingia ndani, akatoka na koti la mama yake.

Rodrick ndiye aliyempeleka hospitali ya Litembo, polepole, kwenye ile njia ya makorongo. Alimfunga bibi kwa kitenge kiunoni mwake asidondoke. Ladislaus na mimi tulifuata.

Nesi wa pale naye akauliza lile lile. Nani mwingine?

Tukatazamana. Hakuna.

Tukirudi, pale tulipopumzika, Rodrick akaniuliza, "Kaka, hizi sindano zinauma?"

"Muulize Rukaiya."

"Rukaiya anasema kama kung'atwa na sisimizi." Akatema mate pembeni. "Basi si mbaya."

Akawasha pikipiki.

Tarehe zile zote za kurudi, Rodrick aliwapeleka yeye. Rukaiya kutoka Ngaka. Bibi kutoka Maguu. Mvua inanyesha, tope mpaka kwenye taa, anakwenda. Zamda alikuwa anasema kwa wateja wake, kama si Rodrick, mwanangu angekuwa udongoni. Mimi nilijivuna. Mdogo wangu yule mzembe mzembe, leo anaokoa watu.

Ukaja msimu wa kuchuma kahawa. Kazi za bodaboda zinakuwa nyingi, mtu halali.

Asubuhi moja mkewe akanipigia simu.

"Shemeji, njoo umwone Rodrick. Hataki kupanda pikipiki."

"Imeharibika?"

"Anasema upepo unamuuma."

Nilikuwa natengeneza wavu. Niliuacha hapo hapo.

Nilimkuta chumbani, jua la saa nne, madirisha yamefungwa, kajiziba uso na jaketi. Paja lake la kulia alikuwa analikuna bila kuacha. Nilipofungua mlango, hewa ikaingia kidogo tu.

Akajikunja kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Nilifunga mlango. Nikakaa chini.

"Alikung'ata wapi?"

Akaendelea kulikuna paja.

"Rodrick. Wapi?"

"Kwenye paja." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Nyuma nilikuwa na abiria, kaka. Kiroba nilikiweka mapajani. Tulipofika kwenye kona za juu akacharuka humo ndani."

"Kwa nini hukusema? Umeulizwa Mbinga. Umeulizwa Litembo. Umekwenda na watu kila tarehe, Rodrick, kila tarehe!"

"Sikumwona aking'ata, kaka. Alikuwa ndani ya kiroba. Kuna kiroba, kuna suruali ya jinzi. Nilisikia kama msumari. Nikasema hizo nguo mbili zimeifuta ile sumu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Rukaiya alinyanyua ule mguu nikajua." Akalivuta jaketi zaidi usoni. "Nikasema nikisema sasa, watanicheka. Mimi ndiye niliyewasambazia paka, halafu na mimi nipange foleni? Nikasema nitakwenda peke yangu siku nyingine. Kila siku nasema kesho. Halafu nikaona siumwi."

Nilitaka kumpiga. Nakuapia, mkono ulinyanyuka.

Nikamkumbatia.

Alisema, "Kaka, usipumue usoni kwangu." Kwa hiyo nikamkumbatia kwa nyuma, nimegeuza uso, mpaka gari likaja.

Sitaandika siku zilizofuata. Wanawe wataweza kusoma hapa.

Kwenye mazishi Zamda alikuja na Rukaiya. Ladislaus alikuja na mama yake kwa lori la mahindi, bibi kakaa mbele na dereva. Bibi alishika mkono wa jeneza akasema kwa Kimatengo, lugha ya kwao, maneno ambayo sikuyaelewa yote, akalia mpaka akakalishwa.

Wote aliowabeba wako hai mpaka leo ninapoandika.

Sasa nisikilize, na usiniletee habari za mkosi.

Paka wako anachanjwa kama mbwa. Bwana mifugo akitangaza chanjo, mpeleke. Watakucheka njiani umembeba paka kwenye tenga. Mimi wananicheka kila mwaka, na kila mwaka wanaonifuata wanaongezeka.

Mnyama akibadilika, mpole kawa mkali, anatoa udenda, anashindwa kumeza, usimshike na usimpe mtu. Mfungie alipo, mwite bwana mifugo.

Akikung'ata au kukukwaruza, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, muda mrefu, mpaka mkono uchoke. Siyo mafuta ya taa. Siyo majivu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni tundu la sindano, hata kama lilipita kwenye nguo. Na kama ulichelewa, nenda hivyo hivyo. Maadamu hujaanza kuumwa, hujachelewa.

La mwisho ni langu mimi, sikulisikia kwa daktari yeyote.

Ukimpeleka mtu wako akachomwa, usitoke hospitali mkiwa mnacheka. Mgeukie yule aliyewaleta. Usimuulize mbele za watu, atakujibu kwa utani. Mvute pembeni, umwambie apandishe suruali, akuonyeshe miguu yake.