Mama Ngurumo, dobi aliyeimba hadi sauti ikagoma

Saa kumi na moja alfajiri, kabla mashine hazijawashwa, mwanamke mmoja amelala chali kwenye sakafu ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali, mikono juu ya tumbo. Anaanza na mvumo mzito wa kifuani. Juu ya mvumo ule inazuka sauti ya pili, kavu, inayokwaruza, na zote mbili zinatoka kwenye koo moja.

Mwandishi wa makala haya alijaribu kumwiga, akaambulia kikohozi.

"Pole, usilazimishe," anasema, akiinuka na kujikung'uta. "Mimi nilipoanza kufanya mazoezi bafuni, jirani alikuja kugonga mlango, maji ya chumvi mkononi. Alidhani kuna mtu anakata roho."

Wenzake humwita Mama Ngurumo. Ni dobi, mama wa watoto watatu, na ni msanii wa sauti: huimba bila maneno huku akitembea, akijiviringisha mashuka na kugonga mabati aliyochomelewa na mumewe, fundi vyuma. Ukimuuliza kama huo ni muziki, ngoma au maigizo, anakujibu, "Vyote. Anayetaka kimoja akanunue redio."

Alijifunzia humu humu. Mashine ya kukamulia ina mngurumo wa kuziba masikio, na yeye, mtu asiyejua kukaa kimya, akaanza kuimba akishindana nayo. Siku moja mwalimu wa maigizo aliyekuwa akimuuguza baba yake wodini alisikia sauti dirishani, akashuka kuuliza ni chombo gani kinapigwa. Akaonyeshwa mwanamke mwenye aproni na ndoo.

Tangu hapo amepanda majukwaa mengi, mengine nje ya nchi. Udobi hajauacha: sanaa ya mwaka mzima, anasema, humlipa kama mishahara ya miezi miwili tu ya hapa.

Kilichomjengea jina ni sauti moja ya juu kabisa. Huipandisha mwishoni mwa onyesho, ikakaa pale juu hadi mwili unasisimka.

Mwaka jana sauti hiyo iligoma. Daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, akampasua, kisha akamwamuru anyamaze kwa miezi kadhaa, hata kunong'ona asinong'one. Kama angeimba tena, hakuna aliyejua.

"Nililia," anasema. "Na kulia kwenyewe nililia kimya kimya, maana kelele nilishakatazwa."

Nyumbani aliongea kwa makofi: moja ndiyo, mawili hapana, mengi mfululizo maana yake kuna mtoto atakiona cha mtema kuni.

"Miezi ile ndoa ilitulia kweli," anatania mumewe. Halafu anatazama chini. "Lakini nyumba ilipooza. Natoka karakana, nasimama mlangoni nasikiliza, hakuna kitu. Niliogopa, sikufichi."

Mvumo ulirudi, mzito kuliko zamani. Ile sauti ya juu haikurudi. Na mwaliko ulishafika, wa onyesho lile lile linaloishia na sauti ya juu, katika ukumbi mkubwa. Mratibu wa onyesho akashauri watumie sauti iliyorekodiwa zamani. Mama Ngurumo akakataa katakata.

"Nikamwambia, pale ilipokuwa nitanyamaza. Watu walisikie pengo lake. Liwalo na liwe."

Siku ya onyesho, mwezi uliopita, madobi wenzake walijaa safu ya mbele na nguo zao za kutokea. Habari ya kunyamaza hakuwa amewaambia. Alipofika mahali pa ile sauti ya juu, akafunga mdomo, akasimama. Ukumbi ukatulia tuli.

Sasa, kwa madobi, shuka hukunjwa na watu wawili. Mwenzako akiponyokwa na ncha, huulizi. Unaidaka kabla haijagusa sakafu. Wale wanawake walipomwona amesimama vile, wakajua ameponyokwa.

Shangazi, kama wanavyomwita mkubwa wao anayekaribia kustaafu, ndiye aliyedaka. Aliipandisha sauti ile ya juu akiwa kitini, mkoba mapajani. Akafuata wa pili, kisha wote. Walikuwa wameisikia alfajiri kwa alfajiri, miaka nenda miaka rudi. Ilitetereka, ikapasuka, ikapanda tena. Mama Ngurumo akaitandikia mvumo wake chini.

"Mimi nilidhani amesahau," anajitetea Shangazi, akipanga foronya. "Tungemwachaje mwenzetu aumbuke mbele za watu?"

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mama Ngurumo anasema makofi hakuyasikia, alikuwa anawatazama wenzake.

"Miaka yote naitoa ile sauti, sijawahi kuisikia kutoka nje," anasema, na machozi yanamlenga. "Kumbe ilikuwa nzuri hivyo. Nimejivunia mambo mengi, lakini siku ile niliwajivunia wao."

Mwakani amealikwa tena. Safari hii amemwambia mratibu kwamba atakuja na kundi zima la madobi, na bila wao haji. Mazoezi yameshaanza, na Shangazi amekwisha kuwakemea wawili kwa kuchelewa.

Daktari anasema sauti ya juu huenda ikarudi siku moja. Mama Ngurumo anacheka, anafunga aproni.

"Ikirudi, karibu," anasema. "Itajipanga nyuma ya Shangazi."