Vyumba Kumi na Vinne vya Karatasi

Kiti alichopewa Bi Kidole kilikuwa cha mstari wa mbele kabisa. Kulia kwake alikaa mhadhiri wa chuo, kushoto mgeni mmoja mnene aliyejaza kiti chake na robo ya kiti cha jirani, na mbele palikuwa na jukwaa. Hapakuwa na pa kupenya. Miguuni alivaa viatu vya kuazima, mali ya muuza vitunguu wa meza ya pili, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mguu mdogo. Shingoni walikuwa wamemvisha kitambulisho cha utepe kilichoandikwa "Mtumiaji wa Ubunifu". Mama wa watu alikuwa amekalia kuti kavu, ingawa kuti lenyewe walikuwa wamelitandika mto mwekundu.

Sokoni walimwita Bi Kidole kwa sababu hakuhitaji kuitazama nyanya ili aijue. Aliibonyeza kwa kidole gumba, mara moja, taratibu, kisha akakwambia: hii ya leo, hii ya juzi, hii uipike kabla jua halijazama. Miaka ishirini na miwili alikuwa kwenye meza ile ile. Wenzake walizika mbovu chini ya fungu na kupanga nzuri juu, ukifika nyumbani ndipo unajua umeuziwa nini. Yeye mbovu aliziweka pembeni, peupe. Mteja wake hakuwahi kurudi na kelele.

Jukwaani alisimama binti wa kaka yake, ambaye wote walimwita Profesa tangu akiwa na miaka sita, siku alipoifungua redio ya nyumbani aone watu wanaoongea wanakaa wapi. Redio haikupona. Mwaka uliofuata kaka mtu alifariki, na Profesa akahamia kwa shangazi yake, chumba kimoja, kitanda kimoja, makreti ya nyanya hadi dirishani. Alikua akizisikia zikioza. Ndiyo maana chuo kilipotangaza shindano la wanafunzi wabunifu wa Afrika, lenye mada ya kuhifadhi chakula bila kuharibu mazingira, hakuhangaika kutafuta wazo. Alitengeneza sanduku lenye kuta mbili za wavu, katikati akashindilia mkaa, juu akaweka ndoo iliyodondosha maji polepole. Upepo ukipita kwenye mkaa ule uliolowa, ndani panapoa. Umeme hautumiki hata kidogo. Mshindi wa siku hii angeupeleka ubunifu wake fainali, kushindana na vyuo vya nchi nyingine.

Kabla ya hapo ilibidi sanduku lijaribiwe na mtu wa kazi. Profesa alilileta nyumbani, akalijaza nyanya rafu mbili, akambandikia shangazi karatasi ukutani. Karatasi ilikuwa na jedwali la vyumba kumi na vinne.

"Kila asubuhi ukague, Shangazi. Zikiwa nzima, weka alama ya vema. Nina mitihani, sitakuja mpaka tumalize."

"Nenda kasome, mwanangu. Hili niachie mimi."

Asubuhi ya tano Bi Kidole alibonyeza nyanya za rafu ya chini na kidole kikazama. Alisimama na karatasi mbele ya macho. Vyumba vinne vilikuwa na alama, kumi vilikuwa vitupu, na kila kimoja kilimkodolea macho. Kwa jinsi alivyoelewa yeye, karatasi yenye vyumba kumi na vinne inataka vijae vyote kumi na vinne, vinginevyo mtoto amefeli. Nani angemlaumu? Maisha yake yote hajapewa fomu ambayo ukiacha nafasi wazi wanakupokea.

Akaenda mezani kwake, akachagua nyanya nzuri kuliko zote, akazipanga rafu ya chini. Akaweka vema. Asubuhi ya tisa zikalegea za rafu ya juu, nazo akazibadilisha. Jioni simu ililia.

"Vipi, Shangazi? Bado nzima?"

"Nzima, mwanangu."

"Zote?"

"Zote. Kula ulale."

Akakata simu, na chakula chake mwenyewe kikamshinda. Mwanamke ambaye hajawahi kumdanganya hata mteja mlevi alikuwa amemdanganya mtoto aliyemlea. Akajiambia ni siku chache tu, zitapita, na za rafu ya chini akazibadilisha tena kila zilipolegea. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba ukiwa ndani yake huoni pa kugeuzia.

Sasa siku zimeisha, sanduku limebebwa lilivyo hadi ukumbini, na milango imefungwa ili watu wasiingieingie. Mgeni mnene akamwinamia.

"Mama, mimi nina karakana. Likishinda, mwezi huu huu natengeneza masanduku arobaini, na soko lenu ndilo la kwanza. Wenzako wajiandae."

Wenzake walikuwa wamekwisha kujiandaa. Muuza vitunguu alikuwa ametangaza habari hadi kwa wauza mitumba. Bi Kidole aliwaona mmoja mmoja wakijaza masanduku yao, wakienda kulala kwa amani, na asubuhi ya tano wakizamisha vidole. Jasho likamtoka chini ya utepe.

"Mwalimu," alimnong'oneza mhadhiri, "naomba nitoke kidogo."

"Vumilia, Mama. Ni zamu yetu hii."

"Basi nina neno na mtoto, dakika moja."

"Utampongeza akishuka." Akampigapiga mkono kama mtu anayetuliza mgonjwa.

Profesa aliongea vizuri, tena vizuri mno. Akaonyesha karatasi yenye alama kumi na nne, ukumbi ukapiga makofi. Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza nani amethibitisha. Uso wa Profesa ukang'aa.

"Shangazi yangu, yule pale. Sokoni wanamwita Bi Kidole. Akibonyeza nyanya anakwambia ina siku ngapi, na hajawahi kukosea."

"Hilo nalitaka kuliona," alisema jaji. "Mama, hebu njoo."

Basi tena. Viatu vya kuazima vilimfinya hatua kwa hatua hadi kwenye sanduku. Jaji alichomoa nyanya ya rafu ya chini, akamkabidhi. Kipaza sauti kikasogezwa mdomoni. Kusema kumi na nne ni neno dogo, na ulimi hauna mfupa. Akamtazama Profesa, naye akamtabasamulia, tabasamu lile la siku ya redio, kabla hajajua kwamba imekufa. Bi Kidole akaishika nyanya vizuri. Kidole gumba kikabonyeza chenyewe, kwa mazoea.

"Siku tatu," akasema.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

"Siku tatu, nawaambieni. Za mwanzo ziliharibika, nikabadilisha mimi. Mtoto hajui lolote. Msimwandike yeye, niandikeni mimi."

Kicheko kilikatika. Mgeni mnene alifunga daftari lake. Majaji waliinamiana, kisha jaji mwenye miwani akasema kwa upole kwamba ubunifu usio na takwimu za kweli hauwezi kuendelea, na akaliita kundi linalofuata.

Walikutana nyuma ya ukumbi, penye mabomba ya maji, sanduku likiwa limewekwa chini kati yao. Profesa hakulia. Alisimama tu, na hilo lilimuumiza shangazi kuliko kilio.

"Nigombeze basi," Bi Kidole alisema. Viatu alikuwa amevivua, amevishika mkononi. "Nitukane hata kidogo, mwanangu. Usininyamazie."

Profesa alichuchumaa, akafungua mlango wa sanduku. Kisha akauliza:

"Ziliharibika lini?"

"Siku ya tano. Za chini tu. Huku chini maji yanatuama, si unaona? Ningekuwa mimi ningetoboa matundu yatoke."

"Na za juu?"

"Za juu zilijitahidi. Ya tisa asubuhi ndiyo zikalegea."

Mkono wa Profesa ulibaki kwenye mlango.

"Yaani zilifika siku nane?"

"Nane kamili, nzima kabisa. Mezani kwangu hazizidi nne, jua lile. Lakini karatasi ilitaka kumi na nne."

"Karatasi haikutaka kitu, Shangazi. Vyumba kumi na vinne nilivichora mimi, ili ukurasa ujae. Shindano lilitaka siku saba tu."

Ndani ya ukumbi makofi yalikuwa yakipigwa, ya kundi jingine. Bi Kidole alikaa chini kwenye saruji iliyolowa, na gauni lake la sherehe, bado amelishika lile jozi la viatu lisilo lake. Mkono mwingine bado ulikuwa na nyanya ya siku tatu.