Wimbo Aliouzima Mama

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Ni fundi cherehani, nina kibanda Sirari, upande wetu wa mpaka, na fundi anayeamini vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi huishia kushona gauni la mtu asiyekuwepo. Mteja nampima mwenyewe, hata kama ni mara yake ya tano. Tabia hii nilianza nayo kabla sijashika mkasi. Aliyenifundisha ni mama yangu, bila yeye kujua, kwa jinsi alivyokuwa akizima redio.

Hakuzima kila wimbo, alizima mmoja tu. Ni ule ambao kila mtu wa mkoa huu anaujua, wa taratibu, wa yule kijana anayembembeleza mpenzi wake asiondoke: maji nitachota mimi, kuni nitaokota mimi, wewe kaa tu nyumbani. Ulipotoka nilikuwa darasa la nne na tuliishi Busawe. Redio yetu ya betri ilikaa juu ya kabati. Kinanda cha mwanzo kilipoanza tu, mama alifuta mikono kwenye kanga, akainuka, akazima. Hakukasirika wala hakusonya. Baada ya muda akaiwasha tena, na wimbo ulikuwa ndiyo kwanza umekwisha. Siku zote ilikuwa hivyo. Nilijiuliza, mtu asiyeupenda wimbo ameujuaje urefu wake kiasi hicho?

Nyimbo nyingine za wakati ule zilikuja zikapotea, lakini huo ulikataa kufa. Ukapigwa kwenye harusi, kisha ikawa hakuna sendofu bila huo. Kwaya moja ikaugeuza, mpenzi akawa Bwana. Mgombea mmoja akapachika jina lake kwenye kiitikio akazunguka nao juu ya gari, akashindwa, wimbo ukabaki. Siku hizi wasichana waliozaliwa baada yake wanajirekodi nao kwenye simu, wamebeba ndoo tupu kichwani, wanatokwa machozi ya kutengeneza. Nami ninayeshona nguo za maharusi nausikia kuliko muumini anavyosikia kengele.

Hapa mpakani hata mwenyewe wa wimbo hajulikani. Siku moja dereva wa lori kutoka upande wa pili alikuwa amekaa kibandani kwangu akingoja suruali yake.

"Hiyo wimbo ni ya kwetu," akasema. "Huyo jamaa aliitoa Isebania, sema tu mlituibia."

Jirani yangu, mama anayebadilisha fedha, akacheka mpaka akashika mlango. "Ya kwenu? Wanaume wa kwenu wanachota maji? Mura, acha uongo. Mwanaume wa huku akionekana kisimani na ndoo, ukoo mzima unaitwa kikao."

Tulicheka sote. Mimi pia nilicheka, na neno lile likapita masikioni mwangu bila kutua.

Ili shaka yangu ieleweke, lazima nieleze nyumba niliyozaliwa. Bibi alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume. Kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo haachi mji wake ufe. Anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto wa binti huyo wanakuwa wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Mama yangu ndiye aliyeolewa hivyo na bibi. Mwanaume aliyenizaa ni mtu aliyepita tu, na kwa desturi haulizwi. Shuleni mwalimu alipotaka jina la baba, bibi alikuja mwenyewe na fimbo yake, akataja jina la marehemu mumewe, akageuka akaondoka. Kitanda hakizai haramu, watu walisema, nami niliitikia. Moyoni nilisema, kitanda sawa, lakini si kilikuwa na watu?

Bibi alifariki nikiwa darasa la tatu. Baadaye mama akahamia Turwa, nami nikaja Sirari. Shaka ingelala huko huko kama si yule mwimbaji, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kitambi, kuhojiwa redioni. Aliulizwa wimbo aliupata wapi. Akasema hakuutunga yeye. Aliutoa kwa mzee mmoja mpiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi nane, kijiji cha karibu na mpaka. Mzee alikuwa akiuimba kwa Kikurya, yeye akautia Kiswahili.

Niliacha kanyagio la cherehani. Mama anazima wimbo. Wimbo ni wa mwanaume. Mwanaume ni wa huku. Hesabu hiyo hata mtoto angeijumlisha, na nilijisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa namwona mama yangu kama mwizi niliyekaribia kumkamata.

Mzee nilimpata bila shida. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamdanganya kwamba nataka kumshonea koti la kupigia litungu kwenye sherehe. Nikatoa futi yangu ya kamba. Nilipima mikono, nikapima kifua, nikafika mabegani. Bega lake la kushoto limeshuka. Si la uzee, ni la kuzaliwa. Mimi blauzi zangu zote nazirekebisha bega la kushoto.

Nikaendelea kupima mgongo ambao nilikwisha kuupima. "Mzee, ule wimbo ulimtungia nani?"

"Ule ni wa mwanamke mmoja wa Busawe."

"Ulikuwa unampenda?"

"Nisingempenda, ningetembea kwa miguu kutoka huku mpaka Busawe?"

Nikamwomba aimbe. Akachukua litungu lake, akaimba kwa Kikurya, beti tatu, akiwa amefumba macho. Nikajua kuna wa nne, maana vidole viliendelea kwenye nyuzi bila sauti. Nikauliza wa mwisho uko wapi.

"Huo nimeusahau," akasema, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Mtu aliyeimba wimbo mmoja maisha yake yote hasahau ubeti. Nilimuaga nikijua ananidanganya kama nilivyomdanganya.

Jumapili nilipanda gari kwenda Turwa. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta ulezi. Nilikaa karibu naye, nikatoa simu, nikauweka ule wimbo makusudi. Ulikuwa ukatili, najua. Akaweka ungo chini, akanyoosha mkono.

"Leo huzimi, mama," nikasema. "Nimemwona huyo mzee. Nimempima bega."

Mkono wake ukabaki hewani. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Badala yake alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

"Umempima bega," akasema. "Maneno je, umeyapima? Mwanaume gani wa huku anamwambia mwanamke nitachota maji, nitaokota kuni? Umewahi kumwona? Wewe fundi mzima, hukuona kwamba nguo hiyo si ya mwanaume?"

Simu ikaendelea kuimba peke yake.

"Ni wa bibi yako," akasema.

Akaniambia yote bila kupunguza. Alikuwa amekubaliana na yule mpiga litungu aondoke naye. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake mjomba wangu alikwisha kuwaolea mke, hivyo kuondoka kwake kungezivunja nyumba mbili kwa siku moja, na alijua. Alikuwa msichana, hakujali. Mchana ule alifunga nguo zake kwenye kitenge. Mwanaume alikuwa nje ya ua, karibu na zizi, anamsubiri. Bibi akarudi kutoka shambani kabla ya wakati, akaukuta mzigo mlangoni.

"Angeweza kupiga yowe," mama akasema. "Wazee wangekuja, ningerudishwa kwa fimbo. Hakupiga. Aliweka jembe, akakaa kizingitini, akaanza kuimba. Aliutunga pale pale. Yeye aliyenitolea ng'ombe, mwenye mji, ananiambia mimi mke wa nyumba yake kwamba maji atachota yeye, kuni ataokota yeye, nikae tu. Ni aibu kubwa. Alikuwa anaimba huku anakohoa, kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua."

"Na yule mwanaume?"

"Alikuwa nje, anasikia yote. Alikuja kuchukua mke, akaondoka na wimbo."

Nilizima simu mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini basi hataki kuusikia, kama ni wa bibi, kama hakuna dhambi ndani yake.

"Yule kijana anaimba vizuri mno," akasema. "Nikimsikiliza, sauti ya bibi yako inanitoka. Na mimi sina kitu kingine cha kumkumbukia. Picha hakuwahi kupigwa."

Miaka yote ile nilikuwa nimemvizia mama yangu nikingoja ajikwae, kumbe alikuwa akilinda kikohozi cha mtu aliyempenda. Niliona aibu, na bado, kwa sababu ndivyo nilivyo, sikuweza kuacha.

"Mzee amesema ubeti wa mwisho ameusahau."

"Hawezi kuusahau huo. Ameukataa." Akachukua ungo, akaurudisha chini. Kisha akauimba, kwa sauti ndogo, kwa Kikurya, na akakohoa mahali ambapo nadhani bibi alikohoa. Kwa Kiswahili ni hivi: aliye tumboni ni wa nyumba hii, sitamuuliza ametoka wapi, na atakayemuuliza asinywe maji kwangu.

Sikuelewa mara moja. Nikauliza, kijinga kabisa, nani alikuwa tumboni.

"Nilikuwa na miezi mitano," mama akasema. "Beti tatu za kwanza sikutikisika, mwanangu, nakuambia ukweli. Nilikuwa nimeshika mzigo wangu namtazama tu. Alipofika huo wa nne akaniacha mimi. Akapiga magoti, mama mzima yule, akaweka mdomo hapa kwenye tumbo langu, akakuimbia wewe."

Nilikaa chini pale pale juu ya makapi ya ulezi, nikalia kwa sauti.